Msimkate Nyenga Mwiba Wake

Nina ugomvi na watu wanaofuga taa katika matangi ya samaki, kisha wakawakata miiba ili wageni wawapapase. Ugomvi huu nimeutangaza barazani kwetu mara nyingi, na kila mara hutokea mtu wa kunicheka. "Mzee mzima, dunia imejaa njaa na vita, wewe unagombea mkia wa samaki!" Naam, naugombea. Naugombea kwa sababu miiba hiyo nimeikata kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa sababu yuko kijana mmoja ambaye kidole gumba chake hakikunjiki mpaka leo kwa ajili ya kazi niliyoifanya mimi. Sina haki ya kunyamaza.

Kwanza nieleze nilivyomjua samaki huyu. Mimi ni mtoto wa pwani, kusini kidogo ya Tanga. Watoto wengi wa umri wangu tuliujua mkia wa taa kabla ya kumjua taa mwenyewe. Ulikuwa ukining'inia ukutani chuoni, mkavu, mrefu, mweusi, na maalimu hakuhitaji kuushusha mara nyingi. Kuutazama tu kulitosha kumkumbusha mtu alifu, be, te zake. Kwa hiyo akilini mwetu taa alikuwa kiumbe wa kuadhibu. Tulidhani huko baharini anazunguka na bakora yake akitafuta watoto watundu.

Mjomba wangu, mvuvi wa ngalawa, ndiye aliyenitoa ujinga huo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali, alinichukua kwenda kutafuta pweza. Alinifundisha jambo moja kabla ya yote. "Majini hapatembewi kama sokoni. Usinyanyue mguu, uburute. Nyenga amelala mchangani, wewe humwoni, lakini yeye atakusikia. Kuburuta miguu ndiko kupiga hodi. Ukipiga hodi, atakupisha." Nyenga ndilo jina tulilompa taa mwenye mwiba. Nami, mtoto wa miaka tisa, niliburuta miguu mpaka nikachoka, kisha nikaona pweza, nikaruka.

Maumivu yale sijayasahau. Yalianza kwenye kifundo cha mguu, yakapanda mpaka nyonga, na kila dakika yakazidi badala ya kupungua. Mjomba alinibeba mgongoni mpaka nyumbani. Bibi alichemsha maji, akayapooza mpaka akaweza kutia kiwiko chake, akanitia mguu ndani ya beseni, na kila yalipopoa akaongeza mengine. Baada ya muda nikaweza kupumua bila kulia. Nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitawaua nyenga wote. Mjomba hakucheka. Aliniambia, "Umemkanyaga mtu nyumbani kwake, amelala, naye amekusukuma. Ulitaka akupe mkono?" Kisha akamalizia kwa methali inayojulikana, kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Bibi alinipa pole hata hivyo.

Miaka mingi baadaye nilisoma, na nikaona kwa macho yangu, jinsi mwiba ule unavyofanya kazi, nikakuta mjomba hakukosea. Watu wengi hudhani mwiba uko kwenye ncha ya mkia. Hauko huko. Huota juu ya mkia, karibu na shina au kuelekea katikati, umelala ukitazama nyuma. Wala si mfupa, kwani taa hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umejengwa kwa gegedu. Mwiba ni kitu cha jinsi ya jino, mgumu, bapa, wenye meno ya msumeno pande zote mbili, na meno hayo yameelekea kwenye shina. Ndiyo maana huingia kwa urahisi na kutoka kwa kuchana. Upande wa chini una vijifereji viwili vyenye nyama laini ya sumu, na vyote vimefunikwa kwa ngozi nyembamba, kama jambia ndani ya ala. Mwiba unapopenya, ala hupasuka, na sumu hubaki kidondani pamoja na ute na vipande vya ngozi. Kwa taa wadogo mwiba ni wa sentimita chache tu. Kwa wakubwa huweza kupita sentimita 30.

Sasa tazama anavyoutumia. Nyenga hawindi kwa mwiba. Chakula chake ni kaa, kamba na chaza, naye hukitafuta kwa kinywa kilicho chini ya mwili. Harushi mwiba kama mshale, wala hamkimbizi mtu. Akihisi hatari, jambo la kwanza ni kutulia chini ya mchanga. La pili ni kukimbia. Mwiba ni la tatu, pale alipokanyagwa, alipobanwa au alipozibiwa njia. Hapo mkia hupinda kupitia juu ya mgongo kuelekea mbele, kufumba na kufumbua, na mambo yamekwisha. Na hata silaha hiyo si kubwa kama tunavyoivumisha. Papa wenye kichwa cha nyundo humla nyenga na mwiba wake. Wamekutwa na miiba imewanasa vinywani, nao wanaendelea na maisha yao. Mwiba ule ni komeo la mlango wa maskini: haumzuii jambazi mkubwa, lakini humwambia mpita njia kwamba ndani mna mwenyewe.

Ila sisi binadamu hatupendi kuambiwa kwamba tumeingia bila hodi. Tarehe 4 Septemba 2006, Steve Irwin, Mwaustralia aliyependwa duniani kote kwa vipindi vyake vya wanyama, alichomwa kifuani na taa mkubwa wakati wa kupiga filamu huko Batt Reef, pwani ya Queensland, akafariki. Ulikuwa msiba uliowaliza wengi, na ilikuwa ajali ya nadra, kwani watu wanaouawa na taa ni wachache mno. Siku chache baadaye, taa wasiopungua kumi walikutwa wamekufa katika fukwe za Queensland, baadhi yao wamekatwa mikia. Shirika la uhifadhi alilolianzisha marehemu mwenyewe lililaani kisasi hicho. Fikiri, msomaji: mtu ametumia umri wake kuwatetea wanyama, kisha wanyama wanauawa kwa jina lake!

Kisasi kile dunia ilikiita aibu, na kwa haki. Lakini uko ukataji mwingine ambao hakuna anayeuita aibu. Huo huitwa usalama wa wageni, nao ndio niliolipwa mshahara kuufanya.

Nilikwenda Ghuba kutafuta maisha, kama walivyokwenda wengi wa pwani yetu, nikaajiriwa katika nyumba moja ya burudani yenye matangi ya samaki. Jina lake nitaliacha. Palikuwa na bwawa la kina kifupi, ukingo wake unamfika mtoto kifuani, na ndani yake taa wapatao ishirini wakizunguka. Wageni walilipa, wakanawa mikono, wakawapapasa. Kazi yangu ilikuwa kulisha, kusafisha vioo, na kila baada ya miezi michache kushika koleo na kukata miiba. Nilifundishwa kukata ile sehemu iliyo mfu tu, kama kucha. Nilikuwa na mkono mwepesi, nikasifiwa. Na mtoto alipoogopa kutia mkono majini, mimi ndiye niliyemwambia kwa Kiarabu changu cha kubahatisha, "Usiogope, huyu hana mwiba."

Tulikuwa na kijana wa Mombasa, mchapakazi, akiniita baba. Mwaka 2011, wiki mbili baada ya Idi Kubwa, tuliambiwa tuwahamishe taa haraka ili bwawa lisafishwe, na wageni tayari wako mlangoni. Msimamizi akatuletea wavu. Nilimwambia kwamba taa hachotwi kwa wavu wa nyuzi, mwiba hunasa. Akaniuliza, "Mwiba upi? Si mmekata?" Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Daftari lilionyesha kwamba tumekata kabla ya Ramadhani, na saini ilikuwa yangu. Kijana akamwinua taa, mkia ukajizongomeza katika nyuzi, akanyoosha mkono kumnasua. Nikasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akanijibu akicheka, "Usiwe na wasiwasi, baba, huyu hana mwiba." Maneno yangu mwenyewe, aliyonisikia nikiyasema kila siku.

Karibu miezi minne ilikuwa imepita, na mwiba mpya ulikwisha kuota. Ulimwingia chini ya kidole gumba, ukatokea upande wa pili. Wakubwa wakaleta barafu! Mimi nikakimbilia birika la chai. Hospitali walipiga picha ya eksirei, wakakuta kipande kimebaki ndani, wakampasua. Aliponea, lakini kidole hakikurudi kama kilivyokuwa. Jioni ile ile taa yule aliuawa. Kisha ikaandikwa taarifa kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa mfanyakazi, nami nikaitwa kutia saini kama shahidi. Nilitia. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Aibu hiyo sikuiacha Ghuba. Nimerudi nayo nyumbani.

Sasa nijibu hoja za wanaokata, maana nazijua vizuri. Zamani zilikuwa hoja zangu.

Wanasema, kwanza, kwamba mwiba ni kama kucha, kuukata hakumuumizi samaki, na huota tena. Nakubali kwamba mkato wa mtu anayejua kazi hauumizi sana. Nakubali pia kwamba huota tena. Hapo ndipo hoja yao inapojikwaa! Taa hubadilisha miiba maisha yake yote, wa zamani ukidondoka na mpya ukishika nafasi, na wengine huwa na miwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo maneno "hana mwiba" yana tarehe ya kwisha, kama dawa. Aliyeyasema leo lazima ayapime tena kesho, na hakuna anayeyapima, kwa sababu mazoea yamekwisha kumwambia kwamba hatari imeondolewa. Ukikata mwiba, umepunguza hatari ya samaki kwa miezi michache na umeongeza hatari ya binadamu kwa miaka. Mwiba huota peke yake. Hofu njema ikishakatwa, haioti.

Wanasema, pili, kwamba watoto hujifunza kupenda kwa kugusa. Najua wapo wataalamu wanaoona kwamba taa wa bwawa linalotunzwa vema hawaonyeshi madhara kwa kuguswa, na mimi sibishani nao kuhusu taa. Nabishana kuhusu mtoto. Anachojifunza mtoto yule ni kwamba taa ni kitu laini kinachozunguka kungoja mkono wake. Hajaambiwa kwamba kuna koleo. Siku atakayofika ufukweni kwetu, aone umbo lile lile limelala kwenye maji ya magoti, atafanya alichofundishwa, na nyenga naye atafanya alichoumbiwa. Mjomba alinifundisha kumpenda nyenga bila kumgusa hata mara moja. Alinifundisha kupiga hodi.

Wanasema, tatu, kwamba bila kukata hapana usalama. Si kweli. Katika Visiwa vya Cayman, huko Karibi, pana mahali panapoitwa Stingray City, ambapo watalii huteremka majini katikati ya taa wenye miiba yao kamili, na wanaochomwa ni wachache. Sisemi pale pawe mfano kwetu, maana pana deni lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba damu ya taa wanaotembelewa na watalii ilikuwa na dalili za afya dhaifu kuliko ya wenzao wasiotembelewa, na mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba taa hao, ambao kwa kawaida hutembea usiku, wamegeuka kuwa wa mchana kwa kufuata vyakula vya wageni. Lakini kwa hoja ya usalama, Cayman inatosha: taa mwenye nafasi ya kuondoka huondoka, mwiba wake ukabaki umelala.

Na kama ni usalama, nani amhofu nani? Mwezi Julai 2015, katika hifadhi ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, oksijeni ilipungua katika bwawa la kugusa, na taa wote 54 waliokuwamo wakafa. Wafanyakazi walijitahidi kuwaokoa, hawakuweza. Sisemi waliwaua kwa kusudi, la hasha. Nasema kwamba kiumbe tuliyemnyang'anya mwiba ili asitudhuru, uhai wake wote ulikuwa unategemea mitambo yetu.

Mtaniuliza, basi tusifuge kabisa? Sijasema hivyo. Taa nyuma ya kioo amewafundisha wengi, na wapo pia wanaofuga nyumbani taa wa maji baridi kutoka mito ya Amerika ya Kusini, ambao nao wana mwiba na sumu kama nyenga wetu. Ninachodai ni kwamba afugwe nyenga mzima, na anayemfuga ajifunze adabu. Adabu yenyewe si ngumu.

Kwanza, mpe sakafu pana na mchanga laini, ondoa mawe makali, na hita uikinge, kwa kuwa taa hulala juu yake akaungua. Usitie mkono ndani ya tangi kabla ya kumwona alipo. Mlishe kwa kibanio kirefu. Ukiwa ndani ya maji, usimbane pembeni. Kila mara mwachie upande wa kuondokea. Mkia usiushike kwa hali yoyote, hata ukiambiwa umekatwa, hata samaki akiwa amekufa, kwa maana mwiba wa maiti huchoma vile vile.

Kumhamisha, usitumie wavu wa nyuzi. Mwongoze polepole aingie katika mfuko mpana wa plastiki au machela ya turubai laini, pamoja na maji yake. Muwe wawili, na mmoja kazi yake iwe kuutazama mkia tu, asiguse kitu kingine. Kama safari ni ndefu, mtaalamu huuvika mwiba kipande cha mpira wa bomba ili usitoboe mfuko, na mwisho wa safari huuvua. Mwiba umebaki, na hakuna aliyeumia. Kumbe yote hayo yaliwezekana siku ile, kama wageni wangeambiwa wangoje nusu saa!

Na kabla hamjaanza, maji ya moto yawe tayari. Mtu akichomwa, kidonda kioshwe, kisha kitiwe katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu. Ayapime mtu mwingine, kwa sababu mwenye maumivu anaweza kuungua asijue. Sumu ya nyenga ni ya jinsi inayovunjwa na joto. Bibi yangu aliyajua hayo kwa kiwiko chake, wale wenye barafu hawakuyajua. Hata maumivu yakipoa, aende hospitali, atazamwe kama kuna kipande kilichobaki na achomwe sindano ya pepopunda. Na mwiba ukiwa umeingia kifuani, shingoni au tumboni, msiung'oe. Mkimbizeni hospitali nao.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba mjomba wangu naye alikata mikia. Ni kweli. Alimkata nyenga aliyekwisha kufa, kabla ya kumpakia ngalawani, na jioni tukamla kwa nazi. Yule alikuwa kitoweo, na mjomba hakumwambia mtu yeyote kwamba ni rafiki yake. Sisi tulimkata aliye hai, tukamwita rafiki, tukauza tiketi.

Yule kijana amerudi Mombasa, anauza vipuri vya pikipiki. Nilimpigia simu nilipoamua kuandika haya, nikamweleza kuhusu saini yangu, jambo ambalo hakuwa akilijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, andika. Lakini andika na habari ya maji ya moto." Nimeandika.

Nanyi wenye matangi, wakubwa kwa wadogo, mliokwisha kukata na mnaotaka kuanza, nawaomba muweke koleo chini. Kama hamwezi kuishi na mwiba wa nyenga, mwacheni baharini.